Roketi ya Tintin ilitoka wapi? Kisa cha filamu mbili, kombora moja na kitabu cha katuni

Alasiri ya tarehe 16 Desemba 1944, ukumbi wa sinema wa Rex mjini Antwerp, Ubelgiji, ulikuwa umejaa. Raia walikaa bega kwa bega na askari wa Washirika waliopewa mapumziko, wakitazama filamu ya Kimarekani. Hakuna aliyesikia lolote likija, kwa sababu kombora la V-2 la Wajerumani lilikwenda kasi kuliko sauti yake lenyewe. Lilipiga ukumbi huo katikati ya onyesho, na watu 567 wakafa. Kabla vita havijaisha, makombora ya aina hiyo zaidi ya 1,600 yalikuwa yameelekezwa Antwerp na viunga vyake.

Miaka mitano na miezi michache baadaye, tarehe 30 Machi 1950, jarida la watoto la *Tintin* lililotoka Brussels lilianza kuchapa hadithi mpya ya Hergé, mchoraji wa katuni wa Kibelgiji. Safari hii Tintin, kijana mwandishi wa habari, na mbwa wake walikuwa wanakwenda mwezini, na chombo cha kuwapeleka kilikuwa na umbo ambalo mzazi yeyote wa Kibelgiji angelitambua: mwili uliotanuka katikati na kuchongoka juu, na mapezi mkiani. Tofauti kubwa ilikuwa rangi. Makombora ya majaribio ya Wajerumani yalipakwa vipande vyeusi na vyeupe ili wataalamu waone kama yanazunguka yakiwa hewani. Hergé aliipaka yake miraba ya nyekundu na nyeupe, na leo miraba hiyo iko kwenye fulana, vikombe na vikuku vya funguo duniani kote.

Umbo lililoua watu sinemani lilifikaje kwenye kitabu cha watoto, tena likapendwa? Jibu ambalo wapenzi wa katuni hulitoa haraka ni kwamba Hergé alichukua kwenye filamu, na filamu wanayoitaja ni *Destination Moon* ya mwaka 1950. Kuna ukweli ndani ya jibu hilo, na wasomi wa Hergé huitaja filamu hiyo mara kwa mara. Lakini nikipanga tarehe na picha mezani, naona njia ndefu zaidi inayoanzia Berlin mwaka 1929.

Tuanze na kalenda. Hadithi ya Hergé ilianza kuchapwa Machi 1950. *Destination Moon* ilionyeshwa kwanza New York mwishoni mwa Juni mwaka huo huo. Kwa hiyo kurasa za mwanzo, yaani safari ya kwenda Syldavia, nchi ya kubuni, kituo chake cha atomiki cha Sbrodj, na Nahodha Haddock, rafiki wa Tintin, kugundua kwa hasira kwamba Profesa Tournesol anataka kumpeleka mwezini, zilikuwa zimeshatoka kabla mtu yeyote hajakata tiketi ya filamu ile. (Tournesol ndiye ambaye wasomaji wa toleo la Kiingereza humjua kwa jina la Calculus.) Kisha, tarehe 7 Septemba 1950, hadithi ikakatika. Hergé alikuwa ameelemewa, mwili na akili vimechoka, na wasomaji wakangoja mwaka mmoja na nusu. Ilirudi tarehe 9 Aprili 1952 na kumalizika tarehe 30 Desemba 1953. Baadaye ikawa vitabu viwili, *Objectif Lune* mwaka 1953 na *On a marché sur la Lune* mwaka 1954.

Hadithi ilipokatika, roketi ilikuwa bado haijaruka. Hii ina maana kwamba kila kinachotokea angani na mwezini katika vitabu hivyo, yaani kuelea bila uzito, kutoka nje ya chombo, kutua, mapango na kurudi nyumbani, kilichapwa baada ya filamu kutoka. Kama filamu iliacha alama yake mahali, tuitafute kwenye sehemu hiyo ya pili. Sehemu ya kwanza ina wazazi wengine.

Mzazi mmoja ni filamu bubu ya mwongozaji Fritz Lang, *Frau im Mond* (Mwanamke Mwezini), iliyozinduliwa Berlin tarehe 15 Oktoba 1929. Lang alitaka safari ya mwezini ambayo mhandisi angeitazama bila kutikisa kichwa, kwa hiyo akamtafuta Hermann Oberth, mmoja wa watu wachache duniani waliokuwa wamepiga hesabu za roketi kwa dhati, na Willy Ley, mwandishi wa sayansi. Kampuni ya filamu ya UFA ilitia hata fedha ili Oberth ajenge roketi ya kweli irushwe siku za uzinduzi kwa ajili ya matangazo. Haikuruka. Kilichoruka ni ile ya kwenye kioo, na hadi leo ukiitazama unashangaa.

Roketi ya Lang inajengwa ndani ya jengo refu mno, kisha inatolewa nje ikiwa imesimama wima, ikisukumwa polepole juu ya reli hadi mahali pa kurukia. Ina hatua zaidi ya moja, na hatua iliyoisha mafuta inatupwa. Abiria wanalala kwenye vitanda ili miili yao istahimili mgandamizo wa kuondoka, na hata hivyo wanazimia. Sakafuni na ukutani kuna vishikizo vya mikono na miguu kwa ajili ya wakati ambapo uzito utakuwa umetoweka. Na kabla ya kuruka, namba zinahesabiwa kurudi nyuma hadi sifuri. Lang aliweka hesabu hiyo kwa sababu ya mchezo wenyewe: ukihesabu kwenda mbele, mtazamaji hajui utaishia wapi, lakini ukirudi nyuma kila mtu anajua sifuri inakuja, na roho zinakwenda juu. Vituo vya kweli vya kurushia roketi viliichukua baadaye. Na ukifungua kurasa za mwisho za *Objectif Lune* utaikuta, namba kwa namba, pamoja na wasafiri waliolala vitandani na kuzimia, huku sauti ya kituo cha ardhini ikiita roketi, ikiita tena, bila kujibiwa. Kitabu kinaishia hapo hapo. Mtoto wa mwaka 1953 aliyenunua kitabu hicho ilibidi aende kulala bila kujua kama watu wake wako hai.

Kuna jambo jingine ambalo Hergé na Lang wanashirikiana, nalo nalihesabu kuwa kubwa kuliko vitanda na namba. Ni subira. Lang anachukua zaidi ya saa moja kabla roketi yake haijaondoka. Hergé anatumia karibu kitabu kizima cha kurasa 62 kabla ya yake kuruka. Kwa hadithi ya vituko huo ni ujasiri mkubwa, maana wahariri wengi wangetaka wasomaji wawe angani kufikia ukurasa wa tano. Lakini maandalizi yale, kukagua mitambo, kujaribu mavazi, wapelelezi wanaonyemelea usiku, ndiyo yanayomfanya msomaji aamini. Ukishajua kila valvu iko wapi, unaogopa kila valvu inapogoma.

Njia kutoka Berlin hadi Brussels, hata hivyo, haikupitia kwenye kioo cha sinema peke yake. Kijana mmoja aliyemsaidia Oberth katika majaribio yake mwaka 1930 aliitwa Wernher von Braun. Miaka michache baadaye alikuwa akiliongoza kundi la wahandisi wa jeshi la Ujerumani huko Peenemünde, na *Frau im Mond* iliondolewa kwenye maonyesho na utawala wa Nazi kwa sababu ilifanana mno na siri iliyokuwa ikitengenezwa. Tarehe 3 Oktoba 1942 kombora ambalo baadaye liliitwa V-2 lilifanikiwa kuruka kwa mara ya kwanza. Chini yake, karibu na mkia, mtu alikuwa amechora picha ya mwanamke ameketi juu ya mwezi mwandamo. Wahandisi wale walikuwa wakiikumbuka filamu ya ujana wao. Miaka miwili baadaye uzao wa kombora hilo uliangukia Rex.

Kwa hiyo Hergé alipofungua vitabu vya picha za silaha za Kijerumani vilivyotoka baada ya vita, akatazama V-2 na kuanza kuchora roketi yake, alikuwa akipokea filamu ya Lang kupitia mkono wa tatu. Filamu ilizaa ndoto, ndoto ikazaa silaha, na silaha ikampa mchoraji umbo. Kisha yeye akalirudisha umbo hilo kule lilikotoka, kwenye hadithi ya safari ya mwezini. Sijui kisa kingine katika historia ya katuni ambacho ushawishi wa filamu ulipita ndani ya chuma na damu namna hii kabla ya kufika kwenye karatasi.

Sasa Hollywood. *Destination Moon* ilitayarishwa na George Pal na kuongozwa na Irving Pichel. Robert Heinlein alishiriki kuandika hadithi na kushauri juu ya sayansi. Mandhari ya mwezi yalitokana na kazi ya Chesley Bonestell, mchoraji ambaye mwaka mmoja kabla alikuwa ametoa kitabu cha picha za anga pamoja na Willy Ley, yule yule wa filamu ya Lang, ambaye wakati huo alikuwa amehamia Marekani. Filamu hiyo ilipata tuzo ya Oscar kwa vionjo vyake maalumu vya picha.

Ukiiweka kando ya kitabu cha pili cha Hergé, unaona undugu. Vyombo vyote viwili vinaendeshwa kwa nguvu za nyuklia. Vyote ni kipande kimoja kinachokwenda na kurudi kizima, havitupi hatua njiani kama kile cha Lang. Vyote vinageuka angani na kutua kwa mkia, vikasimama juu ya mapezi yao. Wasafiri wanavaa viatu vyenye sumaku ili wasielee. Kwenye filamu, mtu anatoka nje ya chombo na kuachana nacho, akaanza kupotea angani hadi mwenzake amfuate. Kwenye katuni, Haddock aliyelewa anatoka nje na kunaswa na uvutano wa asteroidi Adonis, na Tintin anamfuata kwa kamba. Tukio ni la aina moja, lakini Hergé amelitoa mikononi mwa ajali na kulikabidhi kwa tabia ya mtu. Haddock yuko nje kwa sababu ya whisky, na kila anayemjua Haddock anaona kwamba lilikuwa halina budi kutokea.

Mfanano peke yake hautoshi kama ushahidi, kwa sababu watu wawili wakisoma kitabu kimoja cha sayansi watafikia mambo yaleyale. Mwalimu anayesahihisha mitihani anajua kwamba majibu sahihi hayasemi nani alimwangalia nani. Anatazama makosa. Basi nami nimetazama makosa.

Milima ya mwezi kwenye filamu ni mikali, imechongoka kama meno. Milima ya Hergé na msaidizi wake Bob De Moor, aliyechora sehemu kubwa ya mandhari hayo, nayo ni mikali. Wanaanga wa Apollo walipofika kuanzia Julai 1969 walikuta vilima vya mviringo, laini, vilivyosagwa na mamilioni ya miaka ya kugongwa na vumbi na mawe ya angani. Na jibu sahihi lilikuwepo zamani, tena kwa Kifaransa. Lucien Rudaux, Mfaransa aliyekuwa mtazama nyota na mchoraji, aliuchunguza ukingo wa mwezi kwa darubini yake na kuchora milima ya duara katika kitabu chake cha mwaka 1937. Mchoraji wa Brussels angeweza kumfuata Rudaux. Kilichoshinda ni mwezi wa Bonestell, kwa sababu ndio uliokuwa umejaa machoni pa watu. Mwezi mkali ulitisha, ulivutia, na baada ya filamu ya rangi kuuonyesha, mwezi wa duara ungeonekana kama mchoro wa mtu asiyejua.

Kosa la pili ni nyufa. Ardhi ya mwezi kwenye filamu imepasuka vipande kama tope lililokaukia kwenye bwawa wakati wa kiangazi. Bonestell mwenyewe alizichukia nyufa hizo, na alikuwa na haki, kwani tope linahitaji maji na mwezini hayakuwahi kuwepo maziwa. Lakini studio ilikuwa ndogo. Ernst Fegté, aliyebuni mandhari ya ndani, alihitaji kitu cha kudanganya jicho, na nyufa zikichorwa kubwa mbele na ndogo nyuma zinaifanya sakafu ya studio ionekane ni tambarare isiyo na mwisho. Hata wasafiri wanaoonekana kwa mbali walikuwa watu wafupi waliovishwa mavazi madogo. Mchoraji wa katuni hana sakafu ya studio. Umbali kwake ni wino na rangi, anaweza kuupata bila ufa hata mmoja. Na bado mwezi wa Hergé una nyufa na mashimo ambamo mbwa Milou anatumbukia na Tintin anamfuata hadi kwenye pango lenye barafu. Barafu lilikuwa wazo la Bernard Heuvelmans, mtaalamu wa wanyama aliyeandika kitabu juu ya binadamu na nyota na kumsaidia Hergé katika mipango ya awali. Nyufa zenyewe nazihesabu kuwa za sinema. Hila ya fundi wa studio ya California ilikuwa imegeuka kuwa sura ya mwezi.

Haya yote yasitufanye tumwone Hergé kama mtu aliyekaa sinemani na daftari. Alimwandikia Alexandre Ananoff, mwandishi wa kitabu kikubwa cha Kifaransa juu ya safari za anga kilichotoka mwaka 1950, mtu aliyeandaa mkutano wa kwanza wa kimataifa wa wataalamu wa safari za anga huko Paris mwaka huo huo. Aliagiza roketi yake ijengwe kama kielelezo chenye vyumba ndani, vyumba vinavyofunguka, ili yeye na De Moor wajue kila wakati Haddock amesimama ghorofa gani na mlango uko upande gani. Alikipeleka kielelezo hicho Paris ili Ananoff akikague. Kifaru cha kutembelea mwezini, kilicho na kuba la kioo, hakimo kwenye filamu yoyote kati ya hizi mbili. Na alikataa kabisa kuweka viumbe wa mwezini, ingawa katuni za angani za kabla yake zilijaa wafalme wa sayari na majoka.

Hapa lazima niseme jambo linaloniuma kama msomaji wa huku kwetu. Mtu huyu huyu, miaka ishirini kabla, katika mwaka 1930 na 1931, alichora *Tintin au Congo* bila kutembea Kongo, bila kumwandikia Mkongo hata mmoja, akitumia picha za kikoloni zilizokuwa zimemzunguka. Watu wa Kongo, wakiwemo wasemaji wa Kiswahili wa mashariki ya nchi hiyo, wamechorwa mle kama watoto wasiojua kusema. Mabadiliko yake yalianza alipokutana na Zhang Chongren, mwanafunzi wa sanaa kutoka China, akiandaa hadithi ya Shanghai mwaka 1934. Kufikia 1950 alikuwa hachori bomba bila kuuliza linapeleka nini. Mwezi, mahali pasipo mtu, ulipata uangalifu ambao Wakongo milioni kadhaa hawakuupata. Ninaupenda sana uangalifu ule wa mwaka 1950, na kwa sababu ninaupenda siwezi kusahau kwamba ungewezekana kabla.

Mwaka 1950 wenyewe ulikuwa wa ajabu. Wiki mbili baada ya roketi ya Hergé kuanza, tarehe 14 Aprili, jarida la *Eagle* lilizaliwa Uingereza na rubani Dan Dare wa Frank Hampson kwenye ukurasa wa mbele. Huko Marekani *Destination Moon* iligeuzwa katuni moja kwa moja, na kampuni ya Fawcett na pia katika toleo la kwanza kabisa la *Strange Adventures* la kampuni ya DC. Hizo ni nakala za filamu, sina mengi ya kusema juu yake. Njia ya kinyume nayo ilishazoeleka: Flash Gordon, shujaa wa katuni za angani, alianza gazetini mwaka 1934 akaenda sinemani mwaka 1936, akipigana na mfalme Ming na mazimwi yake.

Ukimlinganisha Flash Gordon na Tintin ndipo unaona filamu za Lang na Pal ziliipa katuni kitu gani hasa. Umbo la roketi, viatu vya sumaku na milima mikali ni mapambo. Walichotoa cha maana ni adui mpya. Flash Gordon ana Ming. Wasafiri wa mwezini wa Lang, wa Pal na wa Hergé wanapambana na hesabu.

Tazama filamu ya 1929. Yupo mhalifu aliyeingizwa kwenye safari kwa hila na watu wanaotaka dhahabu ya mwezini. Wanapopambana naye, risasi inatoboa mitungi ya oksijeni. Mhalifu anakufa, lakini taabu ndiyo kwanza inaanza, kwani hewa iliyobaki haitoshi wote kurudi. Mmoja lazima abaki. Wanaume wawili wanavuta njiti.

Filamu ya 1950 haina mhalifu kabisa. Roketi Luna imetumia mafuta mengi mno wakati wa kutua kwenye kasoko la Harpalus. Ili iondoke lazima ipunguzwe uzito, na wasafiri wanang'oa viti, vyuma, vifaa, kila kinachong'oka, wakipima na kupiga hesabu upya, na bado uzito unazidi. Joe Sweeney, fundi wa redio aliyeingizwa safarini dakika za mwisho, mtu asiye mwanasayansi ambaye maswali yake yamekuwa yakituchekesha njia nzima, anatoka nje kimya kimya ili wenzake waondoke. Wanamwokoa kwa ujanja wa kuitupa nje nguo ya mwisho ya angani. Kwa macho yangu huo ndio udhaifu wa filamu ile: imetujengea hesabu isiyo na huruma, kisha ikatafuta mlango wa nyuma.

Hergé anaijenga hesabu yake kwa uvumilivu wa mtu anayepanga matofali. Roketi imewekewa oksijeni ya watu wanne: Tintin, Haddock, Tournesol na mhandisi Frank Wolff. Muda mfupi baada ya kuondoka wanatokea Dupond na Dupont, makachero wanaofanana kama mapacha. Walikuwa wakilinda chombo, na waliambiwa kitaruka saa 7:34. Wao walidhani ni mchana, kumbe ni usiku. Sasa wako sita. Msomaji anacheka, kama anavyocheka kila makachero hao wanapotokea, na haoni kwamba kicheko hicho kimekula theluthi ya hewa. Mwezini muda wa kukaa unafupishwa. Kisha anaibuka Kanali Jorgen, mzamiaji aliyefichwa ndani ya chombo na watu wanaotaka kukiiba. Wako saba. Neno letu la pwani, mzamiaji, linafaa hapa kuliko lugha yoyote niijuayo. Wanaozamia meli wanajua kwamba mabaharia wanahesabu vichwa, maji na chakula, na kwamba kichwa kimoja cha ziada kinaweza kumgharimu mtu uhai.

Filamu ya Lang ina mzamiaji pia, mtoto aitwaye Gustav aliyejificha kwenye roketi kwa mapenzi ya mwezi. Anapogunduliwa anaonyesha kwa fahari hazina aliyokuja nayo, rundo la majarida ya bei nafuu yenye hadithi za safari za angani. Tukio hilo dogo nalipenda kuliko roketi nzima. Tayari mwaka 1929 mtengeneza filamu alikuwa amemweka ndani ya chombo chake msomaji wa aina ileile ambaye baadaye angenunua jarida la *Tintin* kila wiki. Lang alijua mawazo yake mengine yalitokea kwa watoto wa namna hiyo.

Turudi kwa Hergé. Jorgen anakufa katika purukushani kwa bastola yake mwenyewe, wamebaki sita, na hewa bado haitoshi. Wolff ndiye aliyemwingiza. Wolff si katili. Ni mtu aliyekuwa na madeni ya kamari, akashikwa na majasusi, akatishwa, akasaliti wenzake na kujichukia kila siku. Amesikia wenzake wakizungumzia oksijeni. Wengine wanapolala, anaandika barua, anakwenda kwenye chumba cha kutokea, na kufungua mlango wa nje.

Mambo matatu yaleyale, yaani hewa, uzito na idadi ya watu, yamepata majibu matatu. Kwa Lang, mhandisi mwema Helius anawalewesha wenzake kwa dawa ili aachwe mwezini, na mwanamke anayempenda anabaki naye, nao wanakumbatiana mchangani. Kwa Pal hakuna anayelipa. Hergé anamtoza mtu ambaye deni ni lake kweli, na hakumpa kifo cha shujaa wala cha mhalifu. Hakuna fremu inayomwonyesha Wolff akielea gizani. Tunaiona barua ikisomwa, tunaona nyuso. Sinema ya wakati ule ingetaka kuonyesha mwili. Katuni ina uwezo wa kuacha nafasi kati ya fremu moja na nyingine, na Hergé alimweka Wolff ndani ya nafasi hiyo.

Katika jamii ya Kikatoliki ya Ubelgiji ya miaka ile, mtu kujiua katika jarida la watoto lilikuwa jambo zito. Hergé akaweka ndani ya barua ya Wolff mstari unaosema kwamba huenda kwa muujiza fulani naye akapona. Miaka mingi baadaye, akihojiwa, alieleza kuwa aliuandika mstari huo kuwaridhisha watu waliolalamika. Alijua fika kwamba Wolff hangepona, na alisikitika kuuandika.